Nyasi Nilizompa Mtani

Maramba,
4 Juni 1957

Mtani wangu Mwinyijuma,

Salamu utazikuta mwishoni, kama mkono utakuwa bado una nguvu. Siku hizi natanguliza shauri, maana mkono wangu unachoka kabla ya akili. Mara mbili nimemaliza karatasi kwa kukuuliza hali ya wajukuu na mbuzi wako, nikashindwa kuandika lile hasa lililonikalisha mezani.

Shauri lenyewe ni zile nyasi. Nilikuletea mashina mawili ndani ya debe mwaka aliofariki mkeo Mastura, ukayapanda kaburini kwake, moja kichwani na jingine miguuni. Nataka uyang'oe.

Sisemi uyakate. Kukata ndiko kuzitunza nyasi hizi: mwenye bustani huzikata kila mwaka zikabaki urefu wa kiganja, kisha zikachipua upya na kupendeza zaidi. Wewe chimba kwa jembe pande zote mpaka ukute kitovu cha shina, pale mizizi yote inapokutana, ukitoe chote. Kabla ya kuchimba, kata masuke polepole, uyatie guniani na kufunga mdomo. Usiyatikise. Masuke yakiwa bado na rangi ya zambarau, mbegu hazijakomaa. Yakishakuwa meupe kama mvi zetu, upepo mdogo tu unatosha kuyasambaza. Na tafadhali usichome moto. Moto unaondoa majani makavu juu, shina lenyewe linabaki chini likingoja mvua.

Fanya mwezi huu. Miguu yangu imevimba mpaka viatu nimempa mtu mwingine, na daktari wa Tanga ameniambia nisipande tena ngazi za kanisa. Sitazamii kuuona mwaka mpya.

Binti yangu Bertha anakusalimu.

Noa

*

Kigombe,
15 Juni 1957

Kwako Noa, Mnyamwezi, mbeba mizigo ya babu zangu,

Assalaam alaykum, ingawa najua hujui kuitikia.

Barua yako imefika, nami nimeisoma barazani mbele ya watu. Tumecheka mpaka Shekhe, imamu wetu, akamwagikiwa na kahawa. Amesema ameishi na kusoma mengi, lakini hajapata kusikia mtu aliyetoa zawadi kwa maiti kisha akataka arudishiwe. Nikamwambia, huyo ndiye Mnyamwezi wangu, alikuwa mchoyo tangu ujana.

Na habari ya kufa, umeanza lini kunidanganya? Tulipokuwa pamoja kwenye shamba la mkonge, wewe karani na kalamu yako sikioni, mimi ghalani na marobota yangu, kila Jumatatu ulikuwa unakufa. Ikifika Jumamosi, siku ya posho, unafufuka na kupiga mbio. Kufa basi, tuone! Mimi Mzigua nimekwisha kungoja mpaka nimeota kibiongo.

Zile nyasi zimestawi, ndugu yangu. Mbuzi wa Kigombe hawajaacha kitu makaburini, wamekula hata waridi la mke wa diwani pamoja na miiba yake. Nyasi zako wanazinusa na kwenda zao. Kaburi la Mastura linaonekana kutoka barabarani. Watu wamekuja kuniomba mashina, nami nimewagawia. Na kwa kuwa umeniamuru ning'oe, jana nimebeba ndoo ya maji nikayanywesha.

Msalimu mwanangu Bertha. Mwambie akupunguzie chumvi.

Mwinyijuma bin Mselem, bwana wako

*

Maramba,
27 Juni 1957

Mwinyijuma,

Sifanyi utani. Niandike vipi ndipo uelewe? Nimeandika barua nzima bila kukutukana hata mara moja. Hilo peke yake lilitosha kukushtua.

Unasema umegawa mashina! Umegawa kwa nani? Andika majina yao, uende kwao nyumba kwa nyumba.

Nitakueleza yaliyotokea hapa Maramba. Kuna mtu alipanda nyasi hizi mbele ya nyumba yake kwa ajili ya pambo. Hazikumsumbua kwa lolote. Hazitaki mbolea, hazitaki kivuli, maji kidogo tu zinaridhika, hata penye mchanga na mawe zinaota. Mwaka wa kwanza watu walisimama njiani kuzitazama. Mwaka wa pili zikaonekana ukingoni mwa shamba la jirani yake, mjane aitwaye Dorkasi. Mama huyo akazifyeka. Zikarudi. Akachoma moto, nao ukapanda juu ya masuke makavu ukamlia migomba yote, na mvua za vuli zilipokuja, nyasi zilikuwa za kwanza kuota, kabla ya mahindi yake. Hakuelewa. Alidhani karogwa. Akamleta mganga akazika vitu kwenye pembe nne za shamba, na juu ya vile vitu nyasi zikaota. Mwishowe akafunga vyungu vyake akahamia kwa kaka yake Muheza. Mpaka leo wapo wanaosema kwamba mama yule ana jambo alilolifanya, ndiyo maana ardhi imemkataa.

Mimi ni mzee wa kanisa. Nilikwenda nikasali naye kabla hajaondoka.

Sasa hivi masuke ya kwako yanaanza kufunguka. Nakusihi.

Noa

*

Kigombe,
10 Julai 1957

Kwa Noa, anayenitisha kwa hadithi za wajane,

Pokea kifurushi hiki kwa mkono wa Sadalla, dereva wa lori la mkonge, ambaye nimemkataza kukikalia njiani.

Ndani yake mna mto. Umeshonwa na binti yangu Asmahani. Alipoona masuke ya zile nyasi yamekuwa meupe na laini, akasema, baba, kwa nini tununue sufi? Akakusanya manyoya, akajaza mito. Kijiji kizima kimemwiga. Tumempelekea dada yangu aliyeko Mabawa, Tanga, miwili, na shemeji yangu Pangani mitatu, na bibi harusi mmoja hapa kapambiwa chumba chote kwa masuke marefu ndani ya mitungi. Uliona wapi majani ya Mnyamwezi yakaingia chumbani kwa bibi harusi wa pwani? Shukuru.

Basi laza kichwa chako kikubwa, uache kelele.

Mwinyijuma

*

Maramba,
19 Julai 1957

Baba yangu Mwinyijuma,

Shikamoo. Naandika bila baba kujua. Amelala, nami niko jikoni.

Mto ulifika. Baba aliupapasa, akaniomba kisu, akaupasua pembeni na kumimina kidogo kiganjani. Akanionyesha vijipunje vidogo vilivyoshikamana na manyoya. Akaniambia, "Bertha, tazama, amezifungasha. Amezifungasha na kuzipeleka Pangani." Kisha akalia. Mimi sikumwona akilia hata tulipomzika mama.

Akaniamuru niuchemshe ule mto. Ameniambia kuutupa ni kupanda, kuuchoma uani ni kupeperusha, ila maji yanayotokota huua mbegu. Nimeutia kwenye sufuria kubwa ya harusi. Anjela, jirani yetu, kafuata moshi akaniuliza napika nini. Nikamwambia mto. Akaondoka bila kuaga, na nadhani sasa wanasema nyumba hii nayo imeingiliwa.

Baba yangu, sijui kuna nini katika nyasi hizi. Nikimuuliza, ananigombeza kwamba uji una mabonge. Anamgombeza kila mtu. Mzee Manase alikuja kumsomea zaburi, akafukuzwa kwa kuwa anasoma polepole. Mchana anaagiza kiti kitolewe nje, anakaa akitazama upande lilipokuwa shamba la mama Dorkasi, ambako sasa ni weupe mtupu mpaka kilimani.

Daktari amekwisha kuniambia mimi ukweli. Uvimbe wa miguu umefika magotini. Tafadhali, barua ijayo usimjibu kwa utani.

Mwanao, Bertha

*

Maramba,
2 Agosti 1957

Kwa Bwana Mwinyijuma bin Mselem,

Leo sikuiti mtani. Nimetumia siku kadhaa kuandika karatasi hii, kwa hiyo isome ukiwa peke yako, si barazani.

Yule mtu aliyepanda nyasi mbele ya nyumba yake ni mimi.

Nilipostaafu, mke wa meneja aliniita bustanini kwake kuniaga. Unaikumbuka bustani ile, hatukuruhusiwa kupita karibu. Alinipa shina moja, akanieleza kwa utaratibu, nami nilimwelewa kila neno kwa sababu kusoma nimesoma. Aliniambia, kila mwaka kata masuke kabla hayajafunguka, nyasi hii ukiiachia itakimbia. Nikaitikia. Nikaenda nyumbani nikapanda, na masuke yalipotoka sikuyakata. Yalikuwa yanapendeza. Jioni jua likipita ndani yake, watu walisimama wakaniuliza, "Mwalimu" (wananiita mwalimu hapa, ingawa nilikuwa karani), "hii umeitoa wapi?" Miaka yote nimeandika marobota ya watu wengine. Sikuwahi kuwa na kitu cha kusimamisha mtu njiani.

Zilipovuka kwa Dorkasi niliziona siku ile ile. Ningeweza kuvuka ua na jembe, nikazimaliza asubuhi moja. Nilisema nitakwenda kesho. Kesho yake yeye mwenyewe alizifyeka, nikanyamaza ili nisionekane nimechelewa. Baada ya moto, sikuwa na pa kuanzia. Yeye alikuwa analia kwamba karogwa, na mimi nimeshika Biblia mbele yake. Ningemwambia nini? Nilisali sala ndefu sana.

Sijamaliza. Mwaka ule ule Mastura alifariki, nawe ukaniandikia kwamba mbuzi wanakula kila unachopanda kaburini. Nikachimba mashina mawili nikayaleta. Nilikwambia mbuzi hawayali, na hiyo ni kweli. Sikukwambia kingine, na nilikuwa tayari najua yote. Hapa Maramba watu walikuwa wanaanza kuuliza nyasi zimetoka wapi. Nilifikiri, zikijaa Kigombe, atakayezikuta pwani atasema zimetoka pwani, zimekuja na meli, na nyumba yangu itasahaulika. Nikakutwika wewe, ukiwa bado msibani, juu ya kaburi la mkeo, nawe ukanishika mkono ukasema sina ndugu kama wewe.

Mchungaji nimemwambia dhambi zangu nyingine zote. Hii nimeshindwa. Kila nikianza, naona uso wake akitaka kucheka: nyasi, mzee Noa? Na wewe umecheka. Nimekukasirikia kuliko ninavyoweza kuandika. Nimefanya kosa, lakini wewe umelishonea foronya na kulipandisha lori!

Nimemtumia Dorkasi habari kwamba ninaumwa, aje. Sijui kama atakuja.

Ukicheka na safari hii, sitaandika tena.

Noa

*

Kigombe,
14 Agosti 1957

Noa,

Nimesoma peke yangu.

Nianze na langu, maana nawe umeanza na lako. Nilijua tangu barua ya kwanza kwamba si utani. Barua ina salamu mwishoni, mwandiko umelala kama mahindi baada ya mvua, na hakuna tusi hata moja. Unadhani mimi ni mtoto? Kule barazani sikusoma maneno yako, nilibuni mengine nikawasomea hayo. Nilisema moyoni: huyu amebakiwa na jambo moja duniani, akishaliona limekwisha, ataondoka. Basi nikalizuia lisiishe. Ulipoandika ng'oa, nikamwagilia, ili uandike tena. Na uliandika. Kila barua ya hasira niliyopata nilisema, bado yupo, ana nguvu za kugombana. Ule mto niliutuma makusudi. Nilidhani nyasi ni nyasi tu, nitazing'oa baadaye, nikishakuzika.

Nimekwenda makaburini kutazama vizuri. Nilikuwa nikienda na ndoo yangu mpaka kwa Mastura na kurudi, sikutazama pembeni. Noa, makaburi yetu hayaonekani. Nimemkuta mama mmoja akipapasa kwa fimbo akitafuta jiwe la mwanawe, hakulipata. Shekhe amekuwa akiniogopa kwa kuwa ni kaburi la mke wangu, hakuweza kusema.

Nimekukasirikia. Uliniletea kitu ulichokikimbia kwako ukakiweka juu ya Mastura, nami nikakushukuru. Niliposoma pale niliitupa barua yako uani. Kuku wameikanyaga. Nikaenda kuiokota.

Tumeanza kuchimba. Mchanga wetu hauna ubishi, kitovu kinatoka kizima. Asmahani amekwenda Mabawa kukusanya mito, anaitokosa sufuriani kutwa nzima. Dada yangu amekataa kuutoa mmoja, anasema hajapata kulala vizuri hivyo tangu alipoolewa. Atautoa, nitamwendea mwenyewe. Shina la kichwani pa Mastura nililiacha mwisho, nikalichimba kwa mikono, maana sikutaka jembe lishuke pale.

Sasa sikiliza deni lako, na usinibishie. Unaijua haki ya mtani msibani. Maiti haipiti mlangoni mpaka mtani aridhike. Watu huwapa watani kuku, huwapa kanga, ili waondoke njiani. Mimi sitaki kuku wako wa Maramba, hawana nyama. Nitakuja nikae kizingitini, wewe uko ndani ya sanduku na huwezi kunikatiza. Kila mwenye mikono aliyekuja kukulilia, awe mchungaji, awe mzee wenu Manase, atakwenda kwenye weupe ule na kunirudishia shina zima na mizizi yake, na masuke yake ndani ya gunia. Lisilo na kitovu nalikataa. Wasipofanya hivyo, utaozea ndani.

Na wakiniuliza kwa nini, nitawaambia ni nyasi za nani. Nitataja jina lako na la Dorkasi, na sala yako ndefu. Mtani ana ruhusa ya kumsema maiti, hakuna atakayenikasirikia. Wewe umeshindwa miaka yote hii, na ungekuwa na miaka mingine kumi ungeshindwa. Niachie mimi.

Mwinyijuma

*

Maramba,
23 Agosti 1957

Mzigua,

Anaandika Bertha, mimi nasema. Sasa naye amejua yote, kwa kuwa ilibidi anisomee barua yako. Hajanisemesha tangu asubuhi, lakini uji wa leo haukuwa na mabonge.

Nimekubali. Lakini nawe hujui kuchimba, kwa hiyo waambie hivi. Wasivute kwa mkono, majani hukatika na shina hubaki. Waanze kilimani washuke chini, upepo unatoka huko. Mashina waliyong'oa wasiyalundike juu ya udongo wenye maji, yatashika tena. Na usiwadanganye kwamba itakwisha siku moja. Mbegu zimekwisha kuanguka kwangu na kwako, kwa ujinga wangu na ujanja wako. Kila masika watu warudi watazame machipukizi, wayatoe yakiwa madogo. Itachukua miaka. Mimi nimepewa miezi, nimeimaliza kwa kukuandikia wewe!

Dorkasi amefika juzi. Amezeeka. Alikaa nami mchana kutwa, nikamuuliza habari za mihogo ya Muheza, akasema inazaa vizuri. Nikamuuliza tena. Jua likatua, nikawa bado naulizia mihogo.

Kuna neno nimekutukana hapa, Bertha amekataa kuliandika. Litie mwenyewe.

Noa

*

Maramba,
6 Septemba 1957
Kwa mkono wa Sadalla

Baba yangu Mwinyijuma,

Shikamoo. Baba amefariki alfajiri ya leo.

Watu wamekwisha kujaa. Mzee Manase alitaka maziko yawe leo jioni. Nimemwambia mlango una mwenyewe, na mwenyewe yuko Kigombe. Alidhani nimechanganyikiwa kwa msiba, akanipa maji ya kunywa. Nimeyanywa, nikamwambia tena, basi wamekubali kungoja mpaka kesho.

Nimeazima majembe kila nyumba niliyoweza kuingia, na magunia nimeyaomba shambani. Yote yako kizingitini, watu wanayaruka wakiingia. Wananiuliza, nami nawaambia ni mambo ya watani.

Mama Dorkasi hakurudi Muheza. Ndiye aliyemwosha uso. Sasa ameketi mlangoni, ameshika jembe moja mapajani analigeuzageuza, na ameniuliza wewe ni nani hata baba yangu asizikwe bila wewe. Nimemwambia utamweleza mwenyewe.

Sadalla ameagizwa asirudi na lori tupu.

Mwanao, Bertha